Kubadilisha goti au nyonga: Bima yako inalipa nini?

Goti lililolika hufika mahali dawa za maumivu hazisaidii tena, na daktari wa mifupa akataja kiungo bandia. Wengi wanaohitaji upasuaji huu ni wazee. Lakini hapa Pwani wamo pia vijana wenye selimundu, ambao mfupa wa nyonga hufa kwa kukosa damu. Swali la kwanza nyumbani huwa ni moja: pesa ngapi?

Bei imebeba nini

Ndani ya bei mna kiungo chenyewe, daktari mpasuaji, daktari wa nusu kaputi, chumba cha upasuaji, kitanda, vipimo na dawa. Kiungo hununuliwa ng'ambo, na mara nyingi ndicho kinachopandisha bei. Baada ya kutoka wadini kuna magongo na wiki kadhaa za mazoezi ya viungo. Familia nyingi husahau fungu hili, na bila mazoezi goti jipya hukakamaa.

Bima ya SHA

SHA ilichukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024. Mwajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara: anayelipwa Sh40,000 hukatwa Sh1,100. Asiye na mshahara hupimwa uwezo wake, na kiwango cha chini kabisa ni Sh300 kwa mwezi, yaani Sh3,600 kwa mwaka. SHA hulipa hospitali kwa viwango vilivyowekwa. Bei ikizidi kiwango hicho, tofauti inaweza kukurudia wewe.

Bima za kampuni

Soma mambo matatu: kikomo cha kulazwa, muda wa kungoja kwa ugonjwa uliokuwa nao kabla ya kujiunga, na kama kiungo bandia kina kikomo chake. Kadi ya Sh500,000 haina maana kwamba zote zitatumika kwa goti.

Kabla ya kukubali tarehe

Iombe hospitali makadirio kwa maandishi, kila kitu na bei yake. Uliza kiungo kinalipwa na nani. Hakikisha idhini ya bima imetoka, na imetaja kiasi gani. Kinachobaki ndicho cha kuchangiwa na jamaa. Yakijulikana haya mapema, hakuna haja ya kuuza kiwanja kwa pupa mgonjwa akiwa tayari amelazwa.