Mbao za Gatini: Kasha, Paleti na Meno ya Mgugunaji huko Kipevu

Kipevu ni sehemu ya bara iliyo magharibi mwa kisiwa cha Mombasa, katika eneo la Changamwe, mahali ambapo maji ya Kilindini yanaingia katika hori pana la Port Reitz. Jina hilo leo hutajwa zaidi pamoja na gati la mafuta, mitambo ya umeme na kituo cha makontena, lakini historia yake inaweza pia kufuatwa kupitia kitu kinyonge zaidi, yaani mbao zilizobeba na kufungia shehena, ambazo baada ya kumaliza kazi ya bandarini huingia mitaani zikawa meza, vitanda, mabanda ya kuku na vizimba vya sungura. Mbao hizo ni rahisi, ziko karibu na huonekana safi, na kwa sababu hiyo ndizo zinazomjia kwanza akilini mtu anayetaka kumtengenezea mnyama mdogo wa kufugwa nyumba au kitu cha kutafuna. Hata hivyo, usalama wa ubao kwa mnyama anayeutafuna hautambuliki kwa kuutazama, kwa kuwa unategemea zaidi safari uliyopitia kuliko aina ya mti uliotoka, na safari hiyo kwa Kipevu imebadilika mara kadhaa katika muda wa karne moja.

Mnyama anayelifanya jambo hili liwe na uzito ni hamsta, mgugunaji mdogo mwenye mkia mfupi na mifuko ya mashavu anayobebea chakula. Hamsta wa rangi ya dhahabu, aliyeenea kuliko wengine katika nyumba za watu, ana historia fupi ya kufugwa: mwaka 1930 mtaalamu wa wanyama Israel Aharoni alimpata jike pamoja na watoto wake katika ardhi ya kilimo karibu na Aleppo nchini Syria, akawapeleka watoto hao Yerusalemu, ambako mtafiti Saul Adler alikuwa akihitaji mnyama wa maabara kwa uchunguzi wa ugonjwa wa kalazaa, maradhi yanayoenezwa na usubi na ambayo Kenya pia inayafahamu vizuri. Kabla uzazi wao haujaanza, baadhi ya hamsta hao walitafuna sakafu ya mbao ya kizimba chao wakatoroka, na waliosalia wachache ndio waliozaa kizazi kilichosambazwa Uingereza na Marekani ndani ya muongo uleule. Ni vigumu kupata ushahidi ulio wazi zaidi ya huo kwamba kwa mnyama huyu kizimba na chakula cha meno ni kitu kimoja.

Sababu yake iko katika umbile la jino. Wagugunaji wote, kuanzia panya wa ghalani hadi panya buku anayefunzwa na shirika la APOPO mjini Morogoro kunusa mabomu ya ardhini, wana meno manne ya mbele, mawili juu na mawili chini, ambayo hayaachi kukua maisha yote. Upande wa mbele wa jino umefunikwa na enameli, yaani tabaka gumu kuliko yote mwilini, na upande wa nyuma ni dentini, ambayo ni laini zaidi na huisha haraka, hivyo jino hujinoa lenyewe kama patasi kila linapotumika. Mgugunaji asiyepata kitu kigumu cha kutafuna hurefuka meno hadi yakamzuia kula, na anayepata kitu kibaya hukimeza kidogokidogo, kwa kuwa vumbi na vibanzi vya kile anachokiguguna huishia kinywani, katika mifuko ya mashavu na tumboni. Kwa hiyo swali la mfugaji ni moja na swali la mwanahistoria wa bandari: ubao huu umetoka wapi, na umepakwa nini njiani?

Katika zama za majahazi jibu lilikuwa jepesi. Kuku waliuzwa na kusafirishwa katika matenga ya fito, matunda yalibebwa katika mapakacha yaliyosukwa kwa makuti mabichi, na ndege wa kufugwa waliwekwa katika matundu ya fito nyembamba zilizofungwa kwa kamba ya makumbi, yaani nyuzi za ganda la nazi. Vifaa hivyo vilitoka shambani moja kwa moja, vilichakaa na kutupwa, na hakuna dawa yoyote iliyowahi kuviingia. Ubao wa jahazi lenyewe ulikuwa tofauti, kwa maana sehemu ya juu ilipakwa sifa, ambayo ni mafuta ya ini la papa, na sehemu iliyozama majini ilipakwa deheni, mchanganyiko wa chokaa na shahamu unaozuia wadudu wa baharini kutoboa mbao. Kipande cha jahazi kuukuu, ingawa kinapendeza kama pambo, hakifai kizimbani. Kinachofaa ni kile kisichohusiana kabisa na bahari: kifuu kilichosuguliwa na kutobolewa mlango huwa nyumba nzuri ya hamsta, na kijiti kikavu cha mpera kilichooshwa, kutoka mti usionyunyiziwa dawa, hutoa ugumu unaotakiwa bila utomvu mkali. Tahadhari iwe kwa maua ya uani, hasa oleanda, ambayo hupandwa sana kandokando ya barabara na nyua za pwani, na ambayo majani, maua na hata kuni zake zina sumu inayoshambulia moyo.

Reli iliyoanzia Mombasa mwaka 1896, na magati ya kina kirefu yaliyokamilika Kilindini katikati ya miaka ya 1920, yalileta mbao za aina nyingine. Kutoka nyanda za juu za Kenya ulishuka mtarakwa, mti wenye harufu nzuri ambao vipande vyake vilisafirishwa ng'ambo kwa ajili ya kutengenezea penseli, na ambao nguzo zake ziliaminiwa na wakulima kwa sababu mchwa hawazipendi. Mafuta yaleyale yanayomfukuza mchwa ndiyo yanayoufanya mtarakwa na jamaa zake kutofaa kwa wanyama wadogo, kwani mvuke wake huathiri njia ya hewa na hulazimisha ini kufanya kazi isiyo ya kawaida. Randa zake, ambazo mtu angezidhania tandiko zuri la kizimba, ni kitu cha kuepukwa. Hapa harufu ya kupendeza imewadanganya wafugaji wengi kuliko sumu yoyote iliyofichika.

Baada ya mnada wa chai kuhamishiwa Mombasa kutoka Nairobi mwaka 1969, kasha la chai likawa sehemu ya mandhari ya maghala. Kasha hilo lilikuwa la mbao nyembamba zilizogundishwa tabaka juu ya tabaka, kingo zake zimevishwa mikanda ya bati na kupigiliwa misumari midogo, na ndani limetandikwa karatasi nyembamba ya madini ili majani yasivute unyevu. Katika enzi za awali za biashara ya chai duniani karatasi hiyo ilikuwa ya risasi, madini ambayo humdhuru mgugunaji hata kwa kiasi kidogo, na baadaye ikawa ya alumini. Makasha matupu yalithaminiwa kwa kuhamia nyumba na kuhifadhia vyombo, mpaka mifuko ya karatasi ilipochukua nafasi yake. Mtu akilikuta kasha la namna hiyo leo stooni, gundi yake, bati lake lenye makali na kile kilichotandikwa ndani ni sababu tatu za kuliacha liwe kasha tu. Gunia la katani ya kihindi, yaani juti, lililobeba kahawa na nafaka, lina kasoro isiyoonekana kabisa: nyuzi zake mara nyingi zililainishwa kwa mafuta ya madini kabla ya kusokotwa, na mafuta hayo hubaki katika kitambaa.

Bandari yenyewe wakati huo ilikuwa katika vita na wagugunaji wasioalikwa. Kamba zinazofunga meli gatini huvishwa visahani vya bati ili panya wasitambae kutoka melini kuja nchi kavu, desturi iliyopata nguvu baada ya tauni kuanza kusafiri kwa njia za meli mwishoni mwa karne ya kumi na tisa. Makuli wa Kilindini walijua vizuri kwamba panya hapiti bati, na inashangaza kidogo kwamba elimu ileile inatumika kinyume katika ufugaji: sakafu na kuta za kizimba huwa za waya au plastiki ngumu, na mbao huingizwa ndani kwa makusudi zitafunwe.

Zamu ya Kipevu ilifika hasa magati yalipoanza kujengwa upande wa bara, katika miaka iliyotangulia na kuufuata uhuru. Kiwanda cha kusafisha mafuta cha Changamwe na gati la mafuta vilianza kazi mwaka 1963. Mamlaka ya Bandari ya Kenya iliundwa mwaka 1978, baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika. Na kituo cha pili cha makontena, kilichojengwa kwa mkopo kutoka Japani, kilifunguliwa mwaka 2016. Kontena lilifuta kazi ya kasha la mbao, lakini liliipa nafasi kubwa paleti, yaani jukwaa dogo la mbao ambalo shehena hupangwa juu yake ili mashine iweze kuinyanyua. Paleti ndiyo mbao ya Kipevu ya zama hizi, nayo ndiyo inayohitaji kusomwa kwa makini kuliko zote.

Usomaji huo una kanuni. Mwaka 2002 nchi wanachama wa Mkataba wa Kimataifa wa Kulinda Mimea zilipitisha kiwango namba 15, kinachotaka mbao za kufungia shehena zitibiwe ili zisihamishe wadudu wa misitu kutoka nchi moja hadi nyingine. Nchini Kenya jukumu hilo liko chini ya KEPHIS, taasisi inayokagua afya ya mimea. Ubao uliotimiza masharti hupigwa muhuri wenye alama ya suke la ngano, herufi mbili za nchi, namba ya mtengenezaji na herufi za tiba. HT maana yake ni kwamba ubao ulipashwa moto mpaka kiini chake kikafikia nyuzi 56 za selsiasi kwa dakika 30 mfululizo, tiba isiyoacha dawa yoyote. MB maana yake ni kwamba ulifukizwa kwa methili bromidi, gesi ya sumu inayoharibu pia tabaka la ozoni, na ubao wa namna hiyo haustahili kutafunwa na kiumbe chochote. Muhuri hata hivyo hausemi paleti ilibeba nini baadaye, na katika bandari inayopitisha mbolea, kemikali na mafuta, doa jeusi au harufu isiyoeleweka inatosha kuikataa.

Tatizo kubwa zaidi ni la fundi. Muhuri hupigwa kwenye vigogo vya miguu au mihimili ya pembeni, ilhali mbao bapa za juu, ambazo ndizo nyembamba, nyororo na rahisi kukatwa vipande vya kutafunwa, mara nyingi hazina alama yoyote. Paleti inapovunjwa, miguu hutengwa na mbao bapa huuzwa au hutumiwa peke yake, na paleti iliyokarabatiwa inaweza kuwa na mbao za asili mbili au tatu, huku ubao wa badala ukitakiwa na kiwango hicho kuwa umetibiwa na kupigwa muhuri wake wenyewe. Anayetaka kujua historia ya ubao kabla ya kuuweka kizimbani hulazimika kuitazama paleti ikiwa bado nzima, kuhakikisha kwamba mihuri yote iliyopo ni ya HT, na kuziacha mbao ambazo rangi au unene wake haulingani na wa wenzake.