Kinale: Maisha jirani na msitu unaoinywesha Nairobi

MSAFIRI anayetoka Nairobi kuelekea Naivasha hutambua amekaribia Kinale kabla ya kusoma kibao chochote. Baridi huanza kupenya ndani ya gari, ukungu hutanda barabarani na miti hujipanga pande zote mbili.

Eneo hili la Lari, Kaunti ya Kiambu, liko umbali wa kilomita 50 hivi kutoka jijini, kwenye ncha ya kusini ya milima ya Aberdare. Liko zaidi ya mita 2,500 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa baridi kali sakitu huweza kuunguza majani ya viazi.

Wengi wa wakazi ni wakulima wa viazi, karoti, kabeji na njegere. Mazao hayo huuzwa kando ya barabara kuu katika Soko Mjinga, au husafirishwa kwa malori hadi Nairobi.

Hata hivyo, uhusiano wa wakazi hawa na jiji hauishii kwenye mboga. Mito inayoanzia katika misitu ya Aberdare na ukingo wa Bonde la Ufa ndiyo hujaza mabwawa ya Ruiru na Sasumua, yaliyojengwa kabla ya uhuru, pamoja na lile la Ndakaini lililokamilika mwaka wa 1994. Sehemu kubwa ya maji ya Nairobi hutoka katika mabwawa hayo.

Kwa jirani wa msitu, miti ni kuni, lishe ya mifugo, asali na zaidi ya yote, ardhi ya kulima. Tangu enzi ya ukoloni, serikali imekuwa ikiwagawia wananchi vipande vya ardhi palipokatwa misonobari na misaipresi. Mkulima hupanda chakula huku akitunza miche ya serikali. Baada ya miaka mitatu hivi, kivuli cha miti hufunika mimea naye huondoka.

Mfumo huo wa shamba uliwahi kusimamishwa miaka ya 1980 na kupigwa marufuku tena mwaka wa 2003, kufuatia malalamiko kwamba baadhi ya watu waliutumia kuharibu misitu. Ulirejeshwa kwa masharti chini ya Sheria ya Misitu ya 2005. Mkulima sharti awe mwanachama wa chama cha jamii cha misitu, hana ruhusa ya kujenga nyumba msituni wala kulima katika msitu wa asili.

Sheria ya 2016 ilidumisha vyama hivyo, ambavyo hutia saini mkataba na Shirika la Huduma za Misitu (KFS).

Ugumu ni kwamba shamba la aina hii hutegemea shoka. Serikali ilipopiga marufuku ukataji wa miti Februari 2018, ardhi mpya ya kugawa ilikosekana, kwa kuwa miti iliyokomaa haikuvunwa. Asiye na ardhi yake mwenyewe ndiye aliyeumia zaidi. Mnamo Julai 2023, Rais William Ruto alitangaza kuondolewa kwa marufuku hiyo.

Kuishi milimani kuna hatari zake pia. Usiku wa kuamkia Aprili 29, 2024, baada ya mvua kubwa, maji yaliyokuwa yamezuiliwa na vifusi katika mtaro wa chini ya reli huko Kijabe yalifoka na kuporomoka hadi Mai Mahiu. Watu zaidi ya 40 walifariki.

Mkazi wa Kinale basi ana mzigo ambao jirani yake wa jijini hauoni. Hutakiwa kulinda chemchemi asizozitumia peke yake, ilhali tumbo lake linategemea ardhi isiyo yake. Wahenga walisema chovya chovya humaliza buyu la asali. Lakini anayeambiwa asichovye naye anahitaji kula, na anayefungua mfereji Nairobi ana deni kwake.