Nyakabiga kwa Mwendo wa Pole

Ukiuliza hapa kambini Nyakabiga ni wapi, wengi watakujibu kwa tarehe. Mzee atakwambia 1995. Kijana wa rika langu atakwambia 2015. Zote ni kweli, na zote ni tarehe za kukimbia. Mimi nataka kuandika historia ya kutembea, maana hiyo nayo ilikuwepo na hakuna anayeiuliza.

Kwa ambaye hajafika: Nyakabiga ni kartie ya Bujumbura, jirani na Bwiza na mto Ntahangwa, na upande wa juu kuna kampasi ya Mutanga ya Chuo Kikuu cha Burundi. Mji umelala kwenye mteremko unaoshuka mpaka ziwa Tanganyika. Kiangazi, vumbi linaficha ng'ambo yote. Lakini mvua ikishanyesha, hewa inasafika na milima ya Kongo inatokea karibu kabisa, mpaka unaona mikunjo yake. Nilikuwa naenda shule kwa mguu, na asubuhi kama hizo niliona watu wazima, wenye haraka ya kazi, wanasimama kidogo, wanaangalia, halafu wanaendelea bila kusema kitu.

Mwenda pole alikuwa anasoma historia. Bulvadi ya 28 Novemba inataja siku ya 1966 ambayo Micombero alimpindua mfalme Ntare V na kutangaza jamhuri. Bwiza, wazee waliiita Belge, jina la wakati wa Wabelgiji, walioutwaa mji kwa Wajerumani mwaka 1916 na kuendelea kuuita Usumbura mpaka uhuru wa 1962. Hata masikio yalisoma: unatoka nyumbani unasalimia kwa Kirundi, katikati unasikia Kifaransa cha wanafunzi, ukifika Buyenzi, mtaa wa Waswahili tangu ukoloni, unajibiwa kwa Kiswahili. Safari moja, lugha tatu, na hujapanda hata basi.

Halafu tarehe 21 Oktoba 1993 Rais Ndadaye akauawa. Katika miaka iliyofuata makartie yakagawanywa kwa nguvu. Wahutu wakafukuzwa Nyakabiga, Watutsi wakafukuzwa Kamenge. Kukawa na siku za "ville morte", yaani mji uliokufa, vizuizi kila mahali. Milima haikuhama. Ila nani angesimama kuiangalia?

Mkataba wa Arusha ulisainiwa tarehe 28 Agosti 2000, na amani ilichukua miaka mingine kufika. Mimi nilikulia humo. Nakumbuka mama akifagia mbele ya nyumba alfajiri, ufagio ukiacha mistari kwenye udongo, na sisi watoto tunaruka tusiiharibu. Nakumbuka cherehani barazani, na wazee wakicheza dama kwa vifuniko vya soda, migongo yao imeelekea barabarani. Hilo la migongo nimelielewa ukubwani. Mtu anayeipa barabara mgongo hategemei ubaya kutoka huko. Kirundi kinasema "buhoro buhoro" kwa polepole na "amahoro" kwa amani, na sikio linayasikia kama ndugu.

Tarehe 26 Aprili 2015 maandamano yakaanza kupinga muhula wa tatu wa Rais Nkurunziza, na Nyakabiga ilikuwa mojawapo ya makartie yaliyowaka. Tarehe 11 Desemba kambi za jeshi zikashambuliwa. Kesho yake maiti zilikuwa barabarani kwetu. Hakuna tena aliyeipa barabara mgongo.

Hapa kambini nafanya kazi na vijana. Wadogo waliozaliwa huku ukiwaambia wachore Buja, wanachora bunduki. Basi tukawatuma waulize wazazi: ulipokuwa unaenda sokoni au shule, uliona nini njiani? Siku ya kusimulia walikuja mzee mmoja aliyefukuzwa Nyakabiga 1995 na mama mmoja aliyeikimbia 2015. Walikuwa hawasalimiani. Mzee akasimulia milima baada ya mvua. Mama akasema, "Hata mimi." Sitasema wakawa marafiki. Lakini walibishana nusu saa mwembe fulani ulikuwa avenu ya ngapi, na watoto wakacheka sana. Wiki iliyofuata mtoto mmoja alichora mwembe.

Ndugu zetu wa mashirika, fomu zenu zinauliza tulikimbia lini na kwa nini. Ni lazima, tunaelewa. Mkishafunga fomu, muulizeni mtu na njia yake ya kila siku. Mtapata nchi ambayo haimo kwenye faili.

Na wenzangu, siku hizi habari za kurudi ni nyingi. Tunaulizana usalama, shamba, nyumba ina nani. Mimi nikikutana na aliyetoka kule naongeza swali moja: wazee wanaocheza dama, wamekaaje?