Orodha ya Loresho na Matope ya Mwea

Loresho haina jaruba hata moja la mpunga. Ni mtaa wa bustani na miti mirefu kando ya Barabara ya Waiyaki, magharibi mwa Nairobi. Hata hivyo, mkulima wa mpunga wa Mwea, Kaunti ya Kirinyaga, anayejitwika bomba la kunyunyizia dawa ana uhusiano na mtaa huu, kwa kuwa hapa ndipo ilipo Bodi ya Kudhibiti Bidhaa za Kuua Wadudu, iliyoundwa kwa sheria ya 1982. Dawa ya shambani isiyoandikishwa na bodi hiyo haiuzwi kihalali nchini Kenya.

Mpunga wa Mwea umeitangulia sheria hiyo kwa miongo mitatu hivi. Mifereji ya kwanza ilichimbwa miaka ya 1950, wakati wa Hali ya Hatari, kwa jasho la wafungwa wa vita vya Mau Mau, ili kuteka maji ya mito Thiba na Nyamindi. Zama hizo DDT, dieldrin na dawa za jamii hiyo zilisifiwa kote duniani. Nchini Kenya zilinyunyiziwa wadudu wa mimea, mbu na mbung'o, bila kuulizwa zinaishia wapi.

Katika kilimo cha mpunga, swali hilo ni zito. Maji hayatulii katika shamba la mtu mmoja: hushuka jaruba hadi jaruba, huingia mfereji wa kutolea maji, kisha hurudi mtoni. Thiba humwaga maji yake katika Mto Tana. Dawa za jamii ya DDT haziyeyuki kwa urahisi majini. Hung'ang'ania matope, huingia katika mafuta ya samaki na kumfikia mlaji. Kenya ilipiga marufuku DDT katika kilimo mwaka 1986. Wanakemia wa Chuo Kikuu cha Nairobi, akiwemo Profesa Shem Wandiga, wametumia miaka mingi kufuatilia mabaki ya dawa hizo katika udongo na maji.

Kisha ikaja Furadan.

Ilikuwa dawa ya chembechembe za kuchanganywa na udongo. Huko Bunyala, kwenye mradi wa mpunga wa Kaunti ya Busia, wawindaji waliipaka kwenye konokono na kuwatega nao korongo. Ndege walianguka majarubani, wakauzwa kama kitoweo. Kwingineko nchini, wafugaji waliitia katika mizoga ili kuua simba. Vifo vya simba ndivyo vilivyozua kelele duniani, na mwaka 2009 kampuni ya Marekani ya FMC ikaiondoa Furadan katika soko la Kenya. Kumbe dawa hiyo ilikuwa imeandikishwa kama sheria ilivyotaka. Cheti kilieleza namna ya kuitumia, lakini hakikuwa na uwezo wa kuifuata hadi shambani.

Mashambulizi mapya hayajampa mkulima nafasi ya kupumua. Kwelea kwelea wanapovamia mpunga, hunyunyiziwa fenthion, sumu inayoua pia mwewe na ndege wengine wanaokula mizoga yao. Mwaka 2020 konokono vamizi kutoka Amerika Kusini aligunduliwa Mwea, na wapo waliokimbilia dawa kumwangamiza, ilhali kuokota konokono na mayai yake kwa mkono hakumwagi sumu mferejini.

Mwaka 2019 ombi la kuondoa dawa hatari lilifikishwa Bungeni na Gladys Shollei, akiwa Mwakilishi wa Wanawake wa Uasin Gishu. Mwaka 2025 serikali ikatangaza kuondoa sokoni bidhaa kadhaa na kuwekea nyingine masharti. Hatua hiyo ni ya haki, na imechelewa. Sasa bodi ya Loresho, pamoja na serikali ya Kaunti ya Kirinyaga, ipime maji na matope ya Mwea kila msimu, na matokeo yabandikwe mahali ambapo wakulima na wanaochota maji ya mifereji hiyo watayasoma.