Nani Abebe Hasara: Vyama vya Wazalishaji na Wafanyabiashara katika Historia ya Mbulu na Hanang

Simulizi ya ushirika nchini Tanzania imezoeleka kuanzia Kilimanjaro, ambako wakulima wa kahawa waliunda chama chao mwaka 1925, Sheria ya Vyama vya Ushirika ikatungwa mwaka 1932, na KNCU, yaani muungano wa vyama vya msingi vya wakulima hao, ukaandikishwa mwaka uliofuata. Kwa mtazamo huo, wilaya za Mbulu na Hanang, ambazo tangu mwaka 2002 zimo katika Mkoa wa Manyara, huonekana kama pembe za nchi zilizochelewa kupata ushirika, na zilipoupata ziliupokea kutoka kwa maofisa na wafadhili. Kasoro ya mtazamo huo ni kwamba unakihesabu chama kuwa chama pale tu kinapopata cheti, ilhali wakulima, wafugaji na mafundi wa eneo hili walikuwa wamekwisha kujiwekea taratibu za kufanya shughuli kwa pamoja muda mrefu kabla ya cheti cha kwanza kuandikwa. Ukizifuatilia taratibu hizo kizazi baada ya kizazi, utaona kuwa uhai wa chama haukutegemea sana ukubwa wa mtaji wala wingi wa wanachama, kwani mara nyingi ulitegemea kama wanachama walikuwa wameamua mapema, kabla ya mambo kuharibika, nani abebe hasara.

Kitovu cha Wairaqw, ambao wengi huwaita Wambulu, ni nyanda za juu za Irqwa Da'aw, eneo linalojulikana pia kwa jina la Mama Isara, kusini mwa mji wa Mbulu wa leo. Katika karne ya 19, hofu ya kuvamiwa na Wamaasai iliwabana watu wengi katika vilima vichache, na wakulima hao wakalazimika kulima kwa bidii ardhi ileile mwaka hadi mwaka, wakijenga nyumba zilizochimbwa nusu ndani ya mteremko, wakilaza ng'ombe ndani ya nyumba na kuzoa samadi yao kurutubisha mashamba. Katika kilimo cha namna hiyo ng'ombe alikuwa kiwanda cha mbolea kabla ya kuwa nyama au mahari, na kwa kuwa malisho ya vilimani hayakutosha, mwenye ng'ombe wengi aliwatawanya kwa majirani, ndugu na rafiki, wengine wakiwa mbali bondeni. Aliyepokea ng'ombe wa kulea alipata maziwa na samadi, na mwenye mali alibaki na haki juu ya ndama, huku uhusiano wao ukiendelea kwa miaka mingi na mara nyingine kurithiwa na watoto.

Wachunguzi wa mambo ya uchumi huueleza utaratibu huo kuwa ni mkopo, na kwa kweli ulikuwa mkopo, lakini ulikuwa pia bima. Ugonjwa ulipolikumba zizi moja, mwenye mali hakubaki mikono mitupu, kwa sababu ng'ombe wake wengine walikuwa katika mazizi ambayo ugonjwa haukuyafikia. Hata hivyo, bima hiyo ilikuwa na mpaka wake, kwani sotoka, tauni ya ng'ombe iliyoenea Afrika Mashariki yote katika miaka ya 1890, haikuchagua zizi wala bonde. Lakini kwa maafa ya kawaida, yaani ukame wa upande mmoja, kupe wa bonde moja au wizi wa usiku mmoja, utaratibu wa kutawanya mifugo ulifanya kazi ambayo leo hufanywa na kampuni za bima, na uliifanya bila karatasi.

Juu ya mahusiano hayo ya watu wawiliwawili kulikuwa na chombo kipana zaidi, yaani *aya*, eneo lenye mipaka iliyowekwa kwa ibada, ambalo wakazi wake walitoka katika koo nyingi na kuunganishwa na ardhi waliyokalia pamoja. Jambo hilo linastahili kutiliwa mkazo, kwa kuwa wengi hudhani kuwa vyama vya zamani vya Kiafrika vilikuwa vya ukoo tu. Wairaqw walipoanza kutoka Irqwa Da'aw mwanzoni mwa karne ya 20 na kuenea kuelekea Karatu, Dongobesh na baadaye hadi pande za Haydom na Hanang, walikwenda na utaratibu huu wa kuunda ujirani upya, ambao uliwawezesha watu wasio ndugu kugawana ardhi, kukutana katika mabaraza ya wazee na kualikana kazi. Mwenye shamba alipika pombe ya mtama, majirani wakaja na majembe, na kesho yake zamu ilihamia kwingine, na pombe ile haikuwa bidhaa ya kuuzwa bali alama ya deni la jasho ambalo kila mmoja alijua atalilipa.

Kwa Wadatoga wa Hanang na mabonde ya jirani, ambao miongoni mwao Wabarabaig ndio kundi kubwa zaidi wilayani, mfano ulio karibu zaidi na chama cha wanataaluma ni ule wa wahunzi wanaoitwa Gidang'odiga. Hawa ni mafundi wa chuma na shaba nyeupe na nyekundu, ambao kwa desturi waliona ndoa kuwa halali ndani ya kundi lao wenyewe tu, kwa sababu wafugaji waliowazunguka waliwatenga huku wakiwahitaji. Katika kiwanda cha mhunzi, mtoto au mke hufukuta mivukuto ya ngozi ya mbuzi, makaa yakaiva, mabomba na makufuli chakavu ya shaba yakayeyuka katika chungu kidogo, na majimaji hayo yakamiminwa katika mfereji mwembamba wa chuma ili yapoe yakiwa ufito, ambao hugongwa, hupindwa na kuchorwa mistari hadi uwe bangili. Misumari hugeuzwa kuwa vichwa vya mishale, na Wahadzabe wa bonde la Eyasi na Yaeda Chini wamevipata kwa kubadilishana asali na nyama. Ujuzi huo ulilindwa kwa kuzuiwa usitoke nje ya familia, na soko lake likalindwa kwa sababu mfugaji hakuthubutu kuufanya uhunzi mwenyewe. Walilipa gharama kubwa ya kijamii kwa ulinzi huo, na si haki kuusifu ustadi wao bila kuitaja dharau waliyoibeba.

Wadatoga pia walikuwa na mabaraza, na mojawapo lilikuwa la wanawake peke yao, *girgwageda gademga*, lililokuwa na mamlaka ya kumtoza faini mwanamume aliyekiuka haki za wanawake, faini ambayo kwa kawaida ilikuwa fahali. Wanawake wanaoketi leo katika vikundi vya akiba vya Katesh, Basotu au Balangdalalu na kumtoza faini mwanachama aliyechelewa kikao hawakufundishwa nidhamu ya kikao na mradi wowote, kwa kuwa bibi zao waliwatoza wanaume faini ya ng'ombe.

Ukoloni ulileta aina nyingine ya chama. Mwaka 1935 wakulima walowezi wa Kaskazini walianzisha Tanganyika Farmers' Association, chama cha kununua pembejeo na kuuza mazao kwa pamoja, huku kaskazini mwa Mbulu, sehemu ambayo katika miaka ya 1990 ilitengwa kuwa Wilaya ya Karatu, ngano ikianza kushika nafasi. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia baadhi ya Wairaqw walinunua matrekta, wakalima mashamba yao na kulima ya majirani kwa malipo, na hivyo likazaliwa tabaka la wakulima wafanyabiashara. Ujirani huo mpya wa trekta ulifanana na ule wa jembe kwa sura tu, kwa sababu kwa kawaida mwenye shamba alilipa kwa ekari iliyolimwa na si kwa gunia lililovunwa, hivyo mvua ilipokosa, hasara ilibaki kwake peke yake. Watu wa Mbulu, hata hivyo, hawakuacha tabia ya kujiamulia mambo, na katika uchaguzi wa mwaka 1960, chama cha siasa cha TANU kiliposhinda viti 70 kati ya 71, kiti kimoja kilichobaki kilikuwa cha Mbulu, ambako Herman Sarwatt, aliyesimama kama mgombea binafsi, alimshinda mgombea rasmi wa chama hicho.

Hanang ilipitia njia ngumu zaidi. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, Shirika la Taifa la Kilimo na Chakula, NAFCO, lilifungua shamba la ngano Basotu, na kwa msaada wa Kanada mashamba yakaongezeka hadi saba, kila moja likiwa na ekari zipatazo 10,000, yakilimwa kwa mitambo mikubwa iliyotoka ng'ambo. Tambarare zilizochukuliwa zilikuwa na malisho bora ambayo Wabarabaig waliyaita *muhajega* na kuyatumia kwa zamu kulingana na majira, na kwa kuwa mfugaji aliyeyaacha yapumzike hakuonekana humo, mpimaji aliiona ardhi kuwa tupu. Baraza la Kijiji cha Mulbadaw na wanakijiji 67 walifungua shauri mwaka 1981, wakashinda katika Mahakama Kuu Arusha mwaka 1984, kisha Mahakama ya Rufani ikatengua ushindi huo mwaka 1985. Kwa kipimo kinachotumika hapa, huo ulikuwa mradi ambao ngano yake ilikwenda kwa taifa na hasara yake ikaachiwa watu ambao hawakuwa wanachama wa chochote, na hakuna hesabu ya magunia inayoweza kulifuta jambo hilo.

Wakati huohuo ushirika rasmi nao ulipigwa. Mwaka 1976 serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika nchini na kuvifanya vijiji, vilivyokuwa vimeundwa kwa operesheni za kuhamisha watu, kuwa vyombo vya kukusanya mazao kwa niaba ya mamlaka na mashirika ya umma. Sheria ya mwaka 1982 ilivirudisha vyama hivyo, na ile ya mwaka 1991 ikasisitiza kuwa ni mali ya wanachama, ndipo eneo hili likaja kuhudumiwa na RIVACU, chama kikuu chenye makao yake Babati. Lakini mkulima aliyeuza mahindi kwa mkopo na kungoja malipo kwa miezi mingi alikuwa amekwisha kujifunza kutokiamini chombo ambacho hakumchagua msimamizi wake.

Imani hiyo ilianza kurudi kupitia vyama vidogo. SACCOS, yaani vyama vya ushirika wa akiba na mikopo vinavyoandikishwa kisheria, viliwavuta zaidi watumishi na wakulima wenye kipato cha uhakika, na wauza mboga, mama ntilie na mafundi wakapata nafasi katika VICOBA, benki za kijamii za vijijini. Mfumo huu una asili ya Niger, ambako shirika la CARE lilianza kuujenga mwaka 1991 kwa wanawake wa vijijini, ukapitia Zanzibar, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 ukapewa sura ya Kitanzania. Wanachama, ambao kwa kawaida hawazidi 30, hugawanyika katika vikundi vya watu watano wanaodhaminiana, hununua hisa kila wiki, na huweka fedha na daftari katika sanduku lenye kufuli tatu ambazo funguo zake hushikwa na watu watatu tofauti. Kando ya hisa kuna mfuko wa jamii, mchango mdogo usiokopeshwa kwa faida, unaotolewa mwanachama anapofiwa, anapougua au anapounguliwa. Hapo ndipo VICOBA ilipokutana na desturi ya zamani, maana hasara ilitengewa fungu lake tangu kikao cha kwanza.

Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 iliviweka vikundi hivyo katika daraja la nne la watoa huduma na kuvitaka vijiandikishe, na mwaka huohuo halmashauri zote zikalazimishwa kisheria kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisitishwa mwaka 2023 ili utaratibu urekebishwe, kisha ikarejeshwa. Iliwanufaisha wengi, ila pia ilizaa vikundi vilivyoundwa kwa ajili ya fomu ya maombi, ambavyo havikuwa vimewahi kukaa kikao kimoja cha kuzungumzia nani atalipa mwenzao akishindwa.

Udhaifu uliobaki hata katika vikundi imara ni kwamba wanachama wake huishi kijiji kimoja na mara nyingi hutegemea zao moja. India ilipowekea mipaka uagizaji wa mbaazi mwezi Agosti 2017, bei ilianguka katika Manyara yote kwa mpigo, na mdhamini akawa amepata hasara ileile ya aliyemdhamini. Wakulima wa vitunguu saumu wa Mbulu na wa Gitting, Hanang, wakiuza kwa lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo halali, hupunjwa wote msimu mmoja na wanunuzi walewale. Tarehe 3 Desemba 2023 tope na mawe kutoka Mlima Hanang yalizika sehemu ya mji wa Katesh na vijiji vya karibu, yakaua watu zaidi ya 80 na kufunika nyumba, maduka na soko. Mfuko wa jamii uliopangwa kumfuta machozi mwanachama mmoja aliyefiwa haukuwa umeundwa kwa siku ambayo kikundi kizima kinafiwa na kupoteza bidhaa pamoja.

Mwenye ng'ombe wa Irqwa Da'aw alilijua tatizo hili, ndiyo maana hakuweka mifugo yake yote katika bonde moja. Vikundi vya nyanda za juu za Mbulu, vinavyoishi kwa vitunguu saumu, maharage na maziwa, na vile vya tambarare za Hanang, vinavyotegemea ngano, mbaazi, alizeti na mnada wa mifugo, mara nyingi havipatwi na maafa yaleyale kwa wakati mmoja, na tangu barabara ya lami ya Singida hadi Babati ipite Katesh, safari kati yao haina ugumu wa zamani. RIVACU inahudumia wilaya zote mbili, na MVIWATA, mtandao wa vikundi vya wakulima ulioanzishwa mwaka 1993, una tawi lake Manyara. Vyombo hivi vimetumika zaidi kutafuta soko na kutoa mafunzo, lakini ndivyo vilivyo na uwezo wa kuunganisha mifuko ya jamii ya mlimani na ya tambarare, kila upande ukiweka sehemu ya akiba yake kwa mwenzake, ili tope au bei inapokiangusha kikundi cha Gendabi, sanduku la Dongobesh liwe bado na kitu ndani.