Saratani ni nini, na kwa nini mwanzoni haiumi?

Kila tukigusa mada ya saratani hewani, swali la kwanza kuingia studio huwa lile lile: "Nina uvimbe lakini hauniumi, niende hospitali kufanya nini?" Nusu saa ya kipindi haitoshi kulijibu, ndiyo maana tumeliandika hapa.

Saratani, au kansa kama wengi tunavyoiita, hailetwi na mdudu anayekuuma kama mbu anavyoleta malaria. Inaanzia kwenye mwili wa mtu mwenyewe. Mwili umejengwa kwa seli, chembe hai ndogo sana zisizoonekana kwa macho. Kila siku seli hugawanyika, moja ikawa mbili, ili kujaza nafasi za zile zilizochakaa. Ukijikata mguuni kwa jembe, seli za ngozi huzaliana mpaka kidonda kifunge, kisha huacha. Huko kuacha ndiko kwenye siri yenyewe. Ndani ya kila seli kuna maelekezo ya lini izaliane, lini iache na lini ife. Maelekezo hayo yakiharibika, seli huendelea kuzaliana hata pasipo na kidonda cha kufunga. Zikirundikana, mara nyingi ndiyo unaona uvimbe.

Si kila uvimbe ni saratani. Kuna uvimbe unaokaa mahali pake miaka na miaka bila kwenda popote. Wa saratani huingia kwenye nyama za jirani, na seli zake hubanduka na kusafiri hadi kwenye tezi, au kwa njia ya damu hadi kwenye mapafu, ini au mifupa. Kwa kuwa seli hizo ni za mwili wenyewe, mwanzoni hakuna homa wala maumivu ya kukuamsha usiku. Maumivu huja baadaye, uvimbe ukishabana mishipa ya fahamu, ukaziba njia au ukafika kwenye mfupa. Anayesubiri maumivu anaupa ugonjwa muda wa kusambaa.

Mfano mzuri ni saratani ya mlango wa kizazi, inayoongoza kwa wanawake hapa Tanzania. Inakadiriwa kwamba zaidi ya wanawake 10,000 huipata kila mwaka. Karibu zote husababishwa na kirusi kiitwacho HPV, kinachoambukizwa kwa kujamiiana. Watu wengi hukipata wakati fulani maishani, na kwa kawaida mwili hukiondoa wenyewe ndani ya mwaka mmoja au miwili. Kwa wachache hubaki, kikabadilisha seli polepole. Mpaka zifike kuwa saratani huchukua miaka 10 hadi 20. Kwa anayeishi na VVU bila dawa, muda huo hupungua sana.

Miaka yote hiyo mama halalamiki chochote, lakini mabadiliko yanaonekana kwa kipimo rahisi. Mhudumu hupaka siki kwenye mlango wa kizazi na kusubiri kama dakika moja. Sehemu iliyobadilika hugeuka nyeupe. Ikiwa bado si saratani, mara nyingi huondolewa siku hiyo hiyo kwa kugandisha au kwa joto, na mama anarudi nyumbani kwa miguu yake. Kipimo hiki ni kwa wanawake wa miaka 30 hadi 50, na wenye VVU huanza mapema zaidi. Kama unaona aibu kupimwa na mwanamume, omba mhudumu wa kike. Ni haki yako kuuliza. Damu baada ya tendo la ndoa, au baada ya hedhi kukoma kabisa, isisubiri siku ya kampeni.

Mabinti wana kinga ya ziada. Chanjo ya HPV ilianza kutolewa nchi nzima mwaka 2018, na tangu 2024 ni dozi moja tu kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14.

Vyanzo vingine tunaishi navyo. Tumbaku inajulikana. Sumukuvu, ile inayotokana na ukungu kwenye mahindi na karanga zisizokauka vizuri, huharibu ini, na ikikutana na homa ya ini aina ya B hatari huwa kubwa zaidi. Kichocho cha kukojoa damu kikiachwa miaka mingi bila dawa kinaweza kuleta saratani ya kibofu. Uchawi haumo.

Kuhakikisha, daktari huchukua kinyama, yaani kipande kidogo cha uvimbe, kikaangaliwe kwa darubini maabara. Hapa ndipo wengi hukimbia: "Kisu kikigusa, kansa inasambaa." Anayesema hivyo humkumbuka jirani aliyepasuliwa na kufariki baada ya miezi michache. Mara nyingi jirani huyo alifika ugonjwa ukiwa umeshasambaa, kisu kiliukuta.

Safari huanzia zahanati au kituo cha afya, ambako utapewa barua ya rufaa. Matibabu ya saratani hutolewa Ocean Road jijini Dar es Salaam, Bugando Mwanza na KCMC Moshi, miongoni mwa hospitali nyingine. Beba barua hiyo, kadi ya bima kama unayo, na majibu yote ya vipimo vya nyuma, hata kama karatasi zimechakaa.