Ncha ya Mshipi: Historia Fupi ya Zana za Kuvulia Samaki Wakubwa wa Bahari Kuu

Wengi wetu tufundishao Kiswahili katika nchi za bara, mbali na mwambao, tumezoea kuyafafanua maneno ya uvuvi kwa mifano ya ziwa na mto. Ndoana twaichora ubaoni, chambo twakieleza kwa mnyoo, na neno mshipi aghalabu twalipita upesi, maana mwanafunzi hudhani ni ule mkanda wa kiunoni. Kumbe maneno haya yana historia ndefu, na sehemu kubwa ya historia hiyo imeandikwa baharini, mahali ambapo mvuvi hupambana na samaki mzito kuliko yeye mara tano au zaidi.

Katika makala haya tunakusudia kueleza sehemu moja tu ya historia hiyo, nayo ni ile ya ncha ya mshipi: ndoana yenyewe, kipande cha waya au uzi mnene kinachoitangulia, fundo liviunganishalo, na kile kiungo kidogo kizungukacho ambacho huuzuia mshipi usisokotane. Vitu hivi ni vidogo, na bei yake ni ndogo ikilinganishwa na bei ya mashua na injini. Hata hivyo, samaki akishakula chambo, kazi yote ya siku huning'inia hapo. Nduaro ana pua ngumu yenye ukwaruzo mfano wa tupa. Papa ana meno. Jodari hana silaha hizo, lakini ana nguvu za kupiga mbizi bila kuchoka upesi. (Tukumbuke kwamba majina kama nduaro na sulisuli hubadilika matumizi kutoka bandari moja hadi nyingine.) Kila mmoja wa samaki hawa huutafuta udhaifu wa zana kwa njia yake, na historia tunayoieleza ni historia ya watu waliojaribu kuuona udhaifu huo kabla samaki hajauona.

Ndoana za kale

Ndoana ni miongoni mwa zana kongwe za binadamu. Katika pango la Sakitari, kisiwani Okinawa nchini Japani, wataalamu walichimbua ndoana zilizotengenezwa kwa gome la konokono wa baharini, na umri wake ukakadiriwa kuwa miaka 23,000 hivi. Wenyeji wa visiwa vya Pasifiki nao walitengeneza ndoana za mfupa, gome na mti, nyingi zikiwa zimepinda sana hata ncha yake ikaelekea nyuma kwenye shina. Mgeni azionapo hudhani haziwezi kumnasa samaki. Ukweli ni kwamba ziliundwa kwa hekima: mfupa na gome havipindi, huvunjika, kwa hiyo umbo la mviringo liliugawa mzigo pande zote, na wakati huohuo liliifanya ndoana iteleze hadi pembeni mwa kinywa na kushika hapo. Umbo hili tutalirudia baadaye.

Chuma kilipoenea, hofu ya kuvunjika ilipungua, lakini ikazuka hofu nyingine. Chuma kilichochomwa na kupozwa vibaya ama hunyooka kikivutwa, ama hukatika kama kijiti kikavu. Mafundi wa Redditch, Uingereza, waliokuwa mashuhuri kwa sindano na ndoana, walijifunza kupima moto kwa macho. Mwaka 1877 kampuni ya Mustad, huko Gjøvik nchini Norway, ilianza kutumia mashine ya kutengenezea ndoana, na tangu hapo ndoana ya chuma, iliyofanana na wenzake wote wa sanduku moja, ikawa kitu cha kununuliwa popote.

Kitani na vidole vilivyovunjika

Uvuvi wa samaki wakubwa kwa ufito na gurudumu la kukunjia mshipi ulipata sifa katika kisiwa cha Santa Catalina, karibu na pwani ya California nchini Marekani. Tarehe 1 Juni, 1898, Charles Frederick Holder alimvua hapo jodari wa ratili 183, yaani kilo 83, na mwaka huohuo ikaundwa Klabu ya Jodari ya Avalon, ambayo ilijiwekea kanuni za mishipi na fito.

Mshipi wa siku hizo ulikuwa wa kitani. Nguvu zake zilihesabiwa kwa idadi ya nyuzi zilizosokotwa pamoja, na kila uzi ulikadiriwa kubeba takriban ratili 3 ukiwa umelowa. Kitani kina sifa ya ajabu: kikilowa huongezeka nguvu. Lakini kina aibu yake pia, nayo ni kuoza. Mvuvi aliyeurudisha mshipi ndani ukiwa na chumvi na unyevu aliukuta baada ya siku chache umeoza kwa ndani, ingawa kwa nje waonekana mzima. Kwa sababu hiyo kila jioni mshipi wote ulifunguliwa, ukaoshwa kwa maji baridi na kuanikwa. Asiyefanya hivyo alilipa gharama yake siku aliyompata samaki mkubwa.

Magurudumu ya wakati huo hayakuwa na breki ya ndani. Samaki alipokimbia, mkono wa gurudumu ulizunguka kinyumenyume kwa kasi na kuvipiga vidole vya mvuvi, hata vingine vikavunjika. Breki pekee ilikuwa kipande cha ngozi kilichokandamizwa kwa dole gumba. Mwaka 1913 William Boschen alimvua Catalina samaki mwenye pua mfano wa upanga, uzito wake ratili 355, akiwa mtu wa kwanza kumpata samaki wa aina hiyo kwa ufito na gurudumu. Zana aliyoitumia ilitokana na wazo lake mwenyewe, nalo lilitekelezwa na fundi Julius vom Hofe: gurudumu lenye breki ndani yake, linalokazwa na kulegezwa kwa kitufe chenye umbo la nyota.

Hapa ndipo tunapoliona somo la kwanza la historia hii. Breki iliviokoa vidole na kumpa mvuvi uwezo wa kuvuta kwa nguvu kubwa zaidi. Nguvu hiyo haikupotea hewani, ilishuka hadi kwenye ncha ya mshipi. Waya uliokuwa ukitosha jana, leo ukakatika. Viungo vya shaba nyeupe vilivyokuwa vikizunguka vizuri chini ya mzigo mdogo, vikakwama chini ya mzigo mkubwa. Waya ukasokotwa, ukajikunja, na mahali ulipojikunja ndipo ulipokatika. Udhaifu, basi, haukuondoka, ulihama tu.

Nailoni na fundo

Badiliko kubwa zaidi lilitoka katika maabara. Mwaka 1935 Wallace Carothers na wenzake wa kampuni ya DuPont walipata nailoni, ambayo ilitangazwa kwa watu mwaka 1938. Mishipi ya nailoni ya uzi mmoja ilianza kuuzwa muda mfupi baadaye, na baada ya Vita Vikuu vya Pili ikaenea duniani. Nailoni haiozi kama kitani. Hunyumbuka, kwa hiyo samaki akishtuka ghafula mshipi hurefuka kidogo kabla ya kukatika. Wavuvi waliifurahia, wakadhani kazi ya kuosha na kuanika imekwisha.

Haikuchukua muda wakagundua kwamba mafundo ya wazee wao hayafai tena. Kitani kina ukwaruzo, fundo lake hushika; nailoni ni laini, fundo lake huteleza. Tena nailoni ikikazwa ikiwa kavu, msuguano huzaa joto, na joto hilo huudhoofisha uzi palepale penye fundo. Ndiyo sababu mvuvi hodari hulilowesha fundo kwa mate au maji, akalikaza polepole, kisha akalivuta kwa nguvu alijaribu kabla ya kulitupa baharini. Vilevile nailoni, tofauti na kitani, hupungukiwa na nguvu kidogo inapolowa, na jua kali huichakaza ikiachwa nje kwa muda mrefu.

Kwa uzi ulio mnene mno, fundo halikazwi kwa urahisi. Kwa hiyo pakaingia vibomba vidogo vya madini vinavyobanwa kwa koleo maalumu. Hapo tena udhaifu ukahama. Kibomba kikibanwa kidogo, uzi huchomoka. Kikibanwa kupita kiasi, huukata uzi unaopaswa kuushika. Madini mawili yasiyopatana, yakikutana ndani ya maji ya chumvi, hulana kwa kutu upesi. Mdharau mwiba mguu huota tende.

Kanuni za ncha

Mwaka 1939 kilianzishwa mjini New York, katika Jumba la Makumbusho ya Historia ya Viumbe la Marekani, Chama cha Kimataifa cha Uvuvi wa Samaki wa Mchezo, na mmoja wa waasisi wake alikuwa Michael Lerner. Chama hiki huhifadhi kumbukumbu za samaki wakubwa waliovuliwa na kuweka kanuni za zana. Kwa mishipi mizito ya baharini, uzi wa mbele na sehemu ya mshipi iliyokunjwa mara mbili, vikijumlishwa, havitakiwi kuzidi futi 40, yaani mita 12 na kidogo. Ncha imara inaruhusiwa, lakini isiwe ndefu hata samaki akawa hana nafasi.

Chini ya kanuni hizo, tarehe 4 Agosti, 1953, Alfred Glassell alimvua nduaro mweusi wa ratili 1,560, sawa na kilo 707, huko Cabo Blanco nchini Peru, kwa muda wa saa moja na dakika arobaini na tano. Rekodi hiyo haijavunjwa. Muda huo mfupi una maana. Mwandishi Zane Grey alimvua nduaro wa ratili 1,040 huko Tahiti mwaka 1930, lakini papa walikuwa wamekwisha mla sehemu ya mwili wake. Zana isiyoaminika humlazimisha mvuvi kuvuta kwa woga. Kuvuta kwa woga huchelewesha. Na kuchelewa huwaita papa.

Mwambao wa Afrika Mashariki

Mwambao wetu wa Afrika Mashariki haukuwa mgeni wa elimu hii. Wavuvi wa Kiswahili walikuwa na mishipi, ndoana na chubwi, na walijua kurambaza, yaani kuukokota mshipi nyuma ya chombo kinachokwenda, zamani kabla ya kuja fito na magurudumu. Anayekwenda kuwavua papa hutanguliza mnyororo au waya mbele ya ndoana, kwa kuwa anajua hakuna uzi uwezao kuyahimili meno yale.

Uvuvi wa ufito ulistawi Malindi, Watamu na Shimoni, ambako mkondo wa Pemba una kina kikubwa karibu na nchi kavu, na nduaro hupita hasa majira ya kaskazi. Ernest Hemingway alivua Malindi mwaka 1934. Mabaharia na manahodha wa mashua hizo kwa sehemu kubwa wamekuwa wenyeji, na mikono yao ndiyo iushikayo waya samaki anapofika ubavuni. Hiyo ndiyo saa ya hatari. Baharia auzungushaye waya mkononi bila kujua namna ya kuuachia anaweza kukatwa vidole au kuburutwa baharini. Zana ikiwa madhubuti kupita mkono, hatari nayo huhamia kwa mtu.

Samaki aliyekwenda zake

Kwa muda mrefu, mshipi ulipokatika, hasara ilihesabiwa kuwa ya mvuvi peke yake. Siku hizi twajua kuwa samaki naye hupata hasara, kwa kuwa huondoka na ndoana tumboni na waya ukimfuata. Ndoana isiyopata kutu humkaa muda mrefu. Ile ya chuma cha kawaida huliwa na maji ya chumvi. Na hapa ndipo hekima ya visiwa vya Pasifiki iliporudi. Ndoana ya mviringo hushika pembeni mwa kinywa mara nyingi kuliko kooni, ikapunguza majeraha ya ndani, na pia ikauweka uzi mbali na ukwaruzo wa pua. Marekani iliilazimisha itumiwe kwa chambo halisi katika mashindano ya kuvua nduaro na jamaa zake upande wa Atlantiki kuanzia mwaka 2008. Watamu na kwingineko, samaki wengi hutiwa alama na kuachiwa waende zao wakiwa hai.

Fundisho kwa walimu

Tukiyajumlisha haya, twaona kwamba hakuna kitu kimoja kilichoiponya ncha ya mshipi. Ndoana iliyo bora ilidai waya ulio bora. Breki ilidai kiungo kizuri. Nailoni ilidai fundo jipya. Kilichodumu ni desturi: kuupitisha uzi katikati ya vidole kila unaporudi ili kusikia ulipokwaruzika, kukata kipande chenye mashaka bila kukihurumia, kuijaribu ncha ya ndoana kwenye ukucha, kuosha chumvi kila jioni. Wahenga walisema papo kwa papo kamba hukata jiwe. Mvuvi anajua kwamba jiwe nalo, na pua ya nduaro, papo kwa papo hukata kamba.

Tunapendekeza walimu wenzetu wayatumie maneno haya darasani kwa pamoja: mshipi, ndoana, chambo, chubwi, fundo, kurambaza, kupiga fundo, kukwaruzika. Mwanafunzi wa bara atakayeelewa kwa nini mvuvi alilowesha fundo kabla ya kulikaza, hatausahau mshipi wala hatauchanganya tena na mkanda wa suruali.